Dakika Kumi na Saba Kutoka Masasi

Wakuu, niliwahi kuifukuza ndege. Sikuwa na bunduki wala jiwe. Niliifukuza kwa korosho.

Mwaka 1994 nilikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege Newala. Msicheke, kazi ni kazi, japo ndege yenyewe ilikuja kwa nadra.

Rubani mmoja wa misheni aliniambia kutoka Masasi mpaka kwetu ni dakika kumi na saba angani. Kwa gari, kiangazi, saa tatu. Mvua ikinyesha, ule mlima wa kushukia Masasi anaujua Mungu. Nikawa natamba na hizo dakika kila nilipokaa, utadhani ndege ni ya baba yangu.

Miaka ile wanunuzi binafsi ndio kwanza walikuwa wanaingia. Lori linafika bila taarifa, linataka korosho kavu, linaondoka. Watu wakaanza kuanika kiwanjani kwangu, maana pale ardhi ni ngumu na jua halina kizuizi.

Nikakubali. Kila jamvi, kibaba kimoja changu.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Ndege ikiitwa kuchukua mgonjwa, kituo cha afya wananipasha habari, nagonga rimu ya lori iliyoning'inia mtini, kila mtu anakimbilia jamvi lake.

Siku hiyo, Novemba, akaja nesi mgeni, Dorothy, kwa baiskeli, anahema.

"Shikamoo mzee. Ndege imeshapaa Masasi! Kuna mama wa Kitangari, mtoto amekwama, damu inamtoka. Land Rover inamleta hapa."

"Marahaba. Usihofu mwanangu, dakika kumi na saba ni nyingi."

Nikagonga rimu. Kimya. Nikagonga tena. Kumbe lori la mnunuzi limefika sokoni, watu wote wako kwenye foleni.

Dorothy akaanza kuburuta majamvi ya watu, anamwaga korosho kwenye nyasi.

"Mzee, tumwage tu!"

Mimi nilikwenda kwenye jamvi langu, katikati ya kiwanja. Nikachukua gunia, nikaanza kujaza. Lori liko sokoni halafu nimwage korosho zangu kwenye nyasi mbichi? Nikajiambia ni gunia moja tu. Likajaa, nikachukua la pili.

Sikuuliza huyo mama ni nani.

Ndege ikatokea. Ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wingu zito lilikuwa linapanda kutoka Ruvuma, na katikati ya kiwanja nipo mimi na magunia yangu. Rubani akageuza, akarudi Masasi.

Land Rover ilikuwa imeshafika pembeni. Nikasogea nitoe pole. Mgonjwa akafunua kitenge usoni.

"Baba, mbona ndege imeondoka?"

Theodora. Binti yangu wa kwanza, niliyemwoza Kitangari.

Nikapanda naye gari, nikamshika mkono. Mvua ikatukuta mlimani, tukazama kwenye tope. Mtoto alizaliwa humo humo garini, mzima. Mama yake hakuiona Masasi.

Msibani nilisema ni mvua. Wengine walimlaumu rubani, wengine wakamlaumu Dorothy mpaka akaomba uhamisho. Mimi nilipewa pole. Nilijichukia siku ile, na bado najichukia.

Huku kwetu mtu huitwa kwa mwanawe. Mpaka leo naitwa Baba Theodora, na naitika.

Funzo langu ni hili: ukisikia kuna mtu anakufa, mwaga korosho. Usingoje kujua ni wa nani.

Macho yangu yamechoka, kwa hiyo haya yote nimeyasema kwa mdomo, anayechapa ni mjukuu wangu Yuster, kwenye simu yake.

Yuster ndiye yule mtoto wa garini. Alikuwa hajui.

Ameweka simu mezani, ametoka nje. Haya ya mwisho nachapa mwenyewe, herufi moja moja.