Nyongo ya Kushoto

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, pale Shinyanga, Matroni alinishika mabega akanisimamisha kando ya meza. "Daktari husimama kulia kwa mgonjwa, wewe mkabala naye. Ukihama, utanitambua!" Nani angethubutu? Nikaota mizizi pale.

Mwishoni mwa miaka ya sabini akaletwa Mama Kulwa kutoka Runzewe, mke wa mchimba dhahabu, akiwa na kitoto chake Shija, aliyewafuata mapacha wake. Alitapika, na maumivu yalimkata chini ya mbavu za kushoto. Tukadhani bandama. Picha ya eksirei ikaonyesha moyo uko kulia! Daktari Mkuu akamfokea mpiga picha: "Umeiweka kinyume tena?" Maskini, akaapa hapana. Daktari akamsikiliza mama kifuani, akampapasa tumbo, akaduwaa. Viungo vyote vilikuwa vimebadilishana pande. Hata mfuko wa nyongo, unaojificha chini ya ini, ulikuwa kushoto, na ndio uliokuwa ukimtesa.

"Mikono yetu imezoea upande mmoja," Daktari akatuambia. "Nikikosea nikafunga mrija wa ini badala ya ule wa mfuko wa nyongo, Shija hana mama."

Jioni tukafanya mazoezi. Nani alale mezani? Matroni mwenyewe! Tukabadilishana pande, mimi na Daktari tukagongana vichwa, pu! Matroni, chali vile vile, akang'aka: "Mngekuwa mnanipasua kweli, ningeshazikwa!" Tulicheka mpaka machozi.

Kesho yake hakuna aliyecheka. Daktari alifuata kila mrija kwa kidole, akauliza, "Mnaona ninachokiona?" Tulipoitikia sote, ndipo akafunga. Mfuko ukatoka umejaa vijiwe. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na Matroni hakunikemea.

Sasa nimestaafu, nipo zangu mtaani Kambarage, na wauguzi vijana huja kunichokoza niwape habari za kazi. Nawapa ya Mama Kulwa alipopata nafuu. Nilimweleza moyo wake ulipo, naye akanikodolea macho.

"Kulia, Sista? Kweli?"

"Kweli kabisa, mama."

"Mayu wee! Mama mkwe amenisema tangu nijifungue mapacha: mama gani hajui kumpakata mtoto, kila siku upande wa kulia! Lakini nikiwahamishia kushoto, wanalia. Nikaamini sijui kulea."

Akamvuta Shija kifuani, kulia, huku machozi yakimtiririka na akicheka.

"Kumbe wanangu walikuwa wanautafuta moyo wangu."