Ndege Isiyoamkiwa

Juzi, karibu na Dongobesh, niliona ndege ndogo ikishuka hadi karibu kugusa nyasi za kiwanja, kisha ikapaa tena. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Mama alilazwa kwenye machela kando ya kiwanja cha nyasi, akivuja damu baada ya kujifungua. Hewa ilinuka samadi mbichi na spiriti ya zahanati. Nesi, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alimpigapiga shavu. "Mama Neema, usilale. Nitazame mimi." Baba alihangaika kufukuza ng'ombe kiwanjani ili ndege ya kumpeleka mama hospitali iweze kutua.

Ndege ikaja chini kwa ngurumo, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikaelekea mlima Hanang.

"Imetukataa," nilisema.

"Nyamaza, Neema!" baba alifoka. Mama akafumba macho.

Bibi alikuwa amenifundisha kwamba mkubwa asiyeamkiwa hupita bila kukutazama. Basi nililijua kosa letu. Ndege ilipogeuka, nilikimbilia ukingoni na kupaza sauti hadi koo likaniuma: "Shikamoo! Shikamoo, ndege!"

Magurudumu yakagusa nyasi.

Sasa ninajua kwamba rubani hupita chini kwanza ili aikague ardhi na kutawanya mifugo. Hata hivyo, juzi ndege ile ilipogeuka na kurudi, nilijikuta nikinong'ona, "Shikamoo."

Mama, aliyekuwa ameketi kando yangu, akaitikia kwa niaba ya ndege: "Marahaba, mwanangu."