Sauti Iliyomwita Sekela kwa Jina

Sekela hakuzaliwa Sumbawanga. Alipoolewa na Tito, bwana mifugo aliyekuwa amehamishiwa huku, ndugu zake wa Tukuyu walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Unakwenda huko kwenyewe? Haya, tutakupokea ukirudi umepanda ungo kama wachawi wa huko." Yeye akafunga virago akaja. Akakuta watu wanaolima mahindi na ulezi, wanaoamkiana kwa kupiga magoti na makofi, na baridi ya mwezi wa sita inayokata masikio. Mtu aliyepanda ungo hakumwona. Kutia shaka alitia, lakini hilo si kosa la Sumbawanga; ndivyo alivyoumbwa.

Tuseme kweli, Sekela ni mtu wa mashaka. Sokoni anakouza dagaa wa Kirando, hapokei gunia kwa kuliangalia tu. Anachomoa dagaa mmoja wa chini kabisa, anamnusa, anauliza alianikwa kwenye chanja au mchangani. Akiambiwa chanja, anamtafuna polepole, asikilize kama meno yatakutana na mchanga. Wenzake wamempa jina Mama Kwanza, kwa kuwa hajibu neno lolote kabla ya kusema, "Kwanza tuone."

Mtu mmoja tu alipita kwenye chujio hilo bila kuulizwa kitu: Mama Gaudiosa, mjane wa Kifipa anayekaa upande wa pili wa ua wa minyaa. Huyo ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto Sekela alipojifungua Atupele, mtoto wake wa pekee, wakati mama yake mzazi yuko mbali. Tangu siku hizo, akipika maharage yakamkolea, huinua chungu akakipitisha juu ya ua na kupiga kelele, "Mwanangu, pokea, kinaniunguza!" Sekela hupokea na kula kabla hata ya kunawa sawasawa.

Mtu mwingine alikaa naye nyumba moja na hakuwahi kumtazama usoni: baba mkwe wake, Mzee Nikodemo. Jina hilo nalitaja mimi. Sekela hajalitamka na hatalitamka. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawaitani, hawali pamoja. Siku hizi watu wameyaacha, wanapiga picha na wakwe zao harusini wamekumbatiana, lakini mzee huyu alikuwa wa kale. Alipougua kifua na kuletwa Sumbawanga, Tito alilazimika kutoboa mlango wa pili kwenye chumba cha nyuma, ili baba apite bila kukutana na Sekela. Na bado mzee alikohoa kabla ya kutoka. Sekela akisikia kikohozi, alijifunika kitenge kichwani na kugeukia ukuta mpaka mkongojo upite.

Chakula kikimpendeza, mzee alimwita mjukuu wake, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima: "Atupele, mwambie aliyepika kwamba leo nimekula nikashiba." Aliyepika yuko nyuma ya ukuta, anasikia kila neno, anatabasamu peke yake. Kile kifua kikamuua, na siku ya mazishi Sekela, ambaye halii ovyo, alilia mpaka watu wakashangaa. Alimpenda sana yule mzee. Alitamani, angalau mara moja, amsikie akimwita Sekela.

Mwaka haukuisha, Atupele akaanza kuanguka. Hospitali walisema ni kifafa, wakampa vidonge, wakawaambia wavute subira kwa kuwa dawa hufanya kazi polepole. Subira yenyewe ndiyo Tito hakuwa nayo. Kazini mtu akamdokeza habari za Mama Evodia wa Mollo, mwanamke anayeita wafu wakaja wakasema kwa kinywa chake. Tito akashikilia hapo. Baba alimpenda mno mjukuu wake, alisema. Baba akiulizwa hawezi kunyamaza.

"Kwanza tuone," Sekela akasema.

Hakusema hivyo kwa kudharau. Kwamba wafu wapo, Sekela haoni cha kubishana. Bibi yake alikuwa mtu wa kusikia mambo, na alimwonya tangu utotoni kwamba si kila anayebisha hodi usiku ni ndugu. Njiani akamwambia mumewe, "Baba Atu, tukifika huko funga mdomo. Anayejua hahitaji kuambiwa."

Ningekuwa mimi, ningemfunga mdomo kwa kamba. Nje ya nyumba ya Mama Evodia palikuwa na benchi la wanaongoja, na kando yake kijana mmoja mpole aitwaye Beda, anapukuchua mahindi. "Poleni wazee," akasema. "Mmefiwa?" Basi Tito, mtu aliyebeba huzuni mwezi hadi mwezi bila wa kumpa, akafunguka kama mfereji. Akajitaja jina, akaeleza baba yake wa Tukuyu na kifua chake. Akaeleza mtoto na vidonge. Akasema, "Na huyu mwenzangu, Sekela, amechoka kabisa. Isingekuwa yule mama wa Kifipa jirani yetu anayetupitishia chakula juu ya ua, sijui." Sekela akamkanyaga mguu. Tito akausogeza mguu, akaendelea.

Kidogo Beda akainuka, akasema anapeleka maji ndani. Mikononi hakuwa na maji. Sekela akaliweka hilo shavuni, kama dagaa wa kutafuna baadaye.

Walipoitwa, jua lilikuwa bado kali nje, lakini ndani madirisha yamezibwa kwa mablanketi na ubani unafuka. Mama Evodia alikuwa amejitanda shuka jeupe. Akatetemeka, akanguruma, akanyamaza. Kisha akakohoa, kikohozi kizito cha mzee mwenye kifua.

Sekela hakupata muda wa kufikiri. Mikono yenyewe ilivuta kitenge kichwani, na mwili ukageukia ukuta.

"Ugonile, mwanangu Tito," sauti ikasema.

Tito kusikia salamu ya kwao akapiga magoti. "Baba! Baba, mtoto anaumwa!"

"Najua. Mtoto analishwa. Chungu kinachopita juu ya ua ndicho kinachomwangusha. Vidonge vyenu havina kazi, vitupeni. Mtoeni yule mwanamke hapo alipo, tena upesi. Mkichelewa, mtamzika mtoto kabla ya mvua."

Chini ya kitenge Sekela akamfikiria Mama Gaudiosa. Alijua maana ya kumtoa mtu. Kumtoa mjane mzee, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, asiye na mtoto wa kumtetea, ni kuwapa jina lake vijana wa kijiweni na kusikia kesho yake kwamba nyumba imeungua. Na mtoto je? Kama ni kweli? Alimchukia Tito kwa kumleta hapa, akajichukia kwa kuwa, kwa kitambo kifupi, alijaribu kukumbuka Atupele alikula nini siku alipoanguka mara ya kwanza.

Ndipo sauti ikamgeukia.

"Sekela! Sekela, mke wa mwanangu! Geuka unitazame, usikie ninachosema."

Moyo ulimruka kwa furaha. Hilo halina haja ya kufichwa. Miaka yote ya kupika na kugeukia ukuta, na leo ameitwa. Shingo ilianza kugeuka yenyewe. Kisha likamjia neno la bibi yake, akalisikia wazi kuliko ile sauti: mtu hufa, adabu yake haifi, mzimu wa kwenu utaujua kwa adabu zake.

Akatoa kitenge kichwani. Akageuka, akamtazama Mama Evodia ndani ya macho.

"Nilijifunika kwa heshima ya baba mkwe," akasema. "Nimejifunua kwa sababu humu hayumo."

"Mama Atu!" Tito akamaka.

"Kaburini hakuna mkwe wala mkamwana," sauti ya kizee ikasema, kwa ukali.

"Kama kaburini hakuna mkwe, basi hakuna baba wala mwana. Huyu unamwitaje mwanao?"

Mama Evodia akakohoa tena, lakini safari hii kilikuwa kikohozi cha mwanamke aliyepaliwa na ubani. Sekela akamwelekea mumewe. "Baba Atu, mlango wa nyuma ulitobolewa na nani?"

Tito alibaki amepiga magoti, mikono mapajani. "Siku ile ya mwisho," akasema taratibu, "alikuwa hana nguvu hata ya kukohoa. Akawa anagonga kitanda kwa vidole. Nikamuuliza, baba unataka maji? Kumbe alikusikia koridoni, anakupa taarifa upishe." Akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Asingekuita. Hata kwa kufa asingekuita."

Akainuka, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Nyuma yao Mama Evodia, kwa sauti yake mwenyewe sasa, alipiga kelele kwamba wabishi huzika.

Vidonge Atupele aliendelea kumeza. Kuanguka kukapungua, kukawa kwa nadra, na siku hizi anaweza kwenda shule peke yake. Ungesema basi, Mama Kwanza kashinda. Lakini blanketi la dirishani halizuii sauti, na waliokaa kwenye lile benchi walisikia chungu, wakasikia ua, wakasikia mwanamke wa Kifipa. Yaliyosemwa baada ya hapo hawakuyasikia, au hayakuwa matamu ya kusimulia. Habari ikafika mjini.

Sekela alipigana nayo. Alisimama bombani penye watu akasema kwa sauti kwamba ni uongo na kwamba mwenye neno amletee yeye. Tito akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa akaeleza yote, pamoja na upumbavu wake wa benchini. Vijana hawakuja. Nyumba ya Mama Gaudiosa haikuungua, ipo mpaka leo.

Ila chungu kilikoma kupita juu ya ua. Wiki zikaenda. Kisha jioni moja, jua bado lipo, Mama Gaudiosa akaja kwa mlango wa mbele kama mgeni, chungu cha maharage kichwani. Atupele akamwamkia shikamoo, akapiga magoti kama alivyofundishwa. Mama Gaudiosa akaitika marahaba, akaketi, akaomba kijiko.

Alichota maharage, akala. Akachota tena kutoka chini kabisa ya chungu, akala, akafungua kinywa kidogo ili waone amemeza. Ndipo akakisogeza mbele ya mtoto.

"Mama, usinifanyie hivyo," Sekela akasema, machozi yanamtoka. "Mimi sikuamini. Nilikataa mbele yao."

"Najua, mwanangu. Nimeambiwa," Mama Gaudiosa akasema. "Mle, yatapoa."

Amekuja mara nyingi tangu hapo, na kila mara huomba kijiko kwanza.