Mjukuu Mmoja, Mabibi Wawili

Mwaka mmoja baada ya mimi na mume wangu kustaafu kazi ya ghala la vifurushi huku Okolona, kusini mwa Louisville, mzee alinunua gari-nyumba kuukuu: kitanda nyuma, kingine kidogo juu ya dereva, jiko la gesi, na choo ambacho lazima uingie kwa ubavu.

"Tumekaa kambini miaka kumi na tisa kwa kulazimishwa," alisema huku akifuta kioo. "Sasa tutapiga kambi kwa kupenda."

Nilicheka. Sisi ni Warundi tuliokulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na utani huo ni wetu. Mpango ulikuwa tupite Columbus kwa mwanetu, tumchukue mjukuu wetu wa pekee, msichana wa miaka mitano, kisha twende naye Buffalo kwa rafiki yangu wa tangu kambini. Siku kumi za mtoto na mimi. Nilimshonea hadi gauni la kitenge.

Mwanetu anaishi katika fleti karibu na barabara ya Morse. Alioa Mkenya aliyekuja kusoma, na mtoto alipozaliwa, mama mzazi wa mke huyo alikuja kusaidia kulea, akabaki. Huyo ndiye mkwe mwenzangu, nami humwita mkwe tu. Tulipofika, mjukuu wangu alikuwa amejificha nyuma ya sketi yake.

"Msalimie bibi," mkwe alimwambia.

Mtoto alimtazama yeye kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa, ndipo akanipa mkono. Moyo uliniuma palepale.

Halafu mume wangu, bila kuniuliza, akasema, "Mkwe, si na wewe twende? Kitanda cha juu kipo." Nilimkanyaga mguu, lakini nilichelewa.

"Woiye, baba, nitashukuru," mkwe alijibu. "Tangu nije sijatoka hii Columbus."

Njiani tulisimama kupumzika, naye akashika jiko langu, akapika chai. Mzee alikunywa vikombe vitatu.

"Mama, hebu muulize chai hii anaweka nini."

"Anaweka maji na majani, kama watu wote," nilisema.

Kilichonichoma zaidi ni lugha. Nilimuuliza mtoto kwa Kiswahili kama ana njaa, akanijibu kwa Kiingereza. Mkwe alimuuliza jambo lilelile, akajibiwa kwa Kiswahili safi. Nilitazama dirishani, nikajifanya nahesabu malori.

Buffalo tuliegesha uani kwa rafiki yangu. Alinikumbatia hadi akalia. Lakini chakula kilipofika mezani, yeye na mkwe walikuwa wanacheka kama watu waliochota maji pamoja utotoni, wakati niliyechota naye ni mimi. Nilisimama nikaosha vyombo ambavyo hakuna aliyeniomba nivioshe.

Asubuhi iliyofuata rafiki yangu na mkwe walikwenda dukani kununua unga na samaki wakavu. Nikamkalisha mtoto kwenye ngazi ya gari, nikamfumua nywele na kuanza kumsuka upya. Nilitaka mkwe akirudi akute kazi yangu imekamilika. Kwa haraka hiyo nilivuta sana. Mtoto akaanza kulia, "Nyanya! Namtaka nyanya!"

"Nyanya hayupo. Aliyepo ni bibi. Tulia."

Walirudi nikiwa bado nambana kwa magoti. Mkwe aliweka mifuko chini, akapiga goti mbele ya mtoto, akalegeza msuko mmoja kwa kidole.

"Umekaza kidogo tu, mkwe. Si mbaya."

Upole ule ndio ulionipandisha hasira. "Huyu ni mtoto wa mwanangu," nilisema. "Umemchukua mzima mzima. Hata nywele zake hukuniachia!"

Rafiki yangu alimshika mtoto mkono, akaingia naye ndani. Mkwe alikaa kwenye ngazi, pale mtoto alipokuwa.

"Mimi niko na wajukuu wanne Nakuru," alisema. "Yule mdogo sijawahi kumbeba. Mama ya mke wa kijana wangu ndiye anakaa nao. Juzi wakamuuliza huyo mdogo mimi ni nani, akasema ni ule mtu wa simu." Akanitazama. "Na wewe uko na mzee wako, mnaendesha gari mnaenda mnakotaka. Unafikiri mimi sikuangalii?"

Haikuwahi kunipitia akilini kwamba kuna mtu anaweza kunionea wivu mimi. Nilimwita mtoto arudi, nikamsogezea mkwe mafuta. Yeye akasuka upande wa kushoto, mimi wa kulia. Mistari yangu ilikuwa imekaza kuliko yake, na kila aliyemwona mtoto aliligundua hilo.

Nisidanganye kwamba wivu uliisha. Kesho yake tulikwenda kutazama maporomoko, mtoto akaogopa ngurumo ya maji, na mkono alioukimbilia ulikuwa wa mkwe. Niliona. Safari hii nilinyamaza.

Siku hizi kila Jumamosi simu yangu huita, na mjukuu wangu hunieleza kwa Kiswahili amekula nini na amegombana na nani shuleni. Ananiita bibi. Mwanangu na mkewe huwa kazini saa hizo, kwa hiyo najua ni nani anayenipigia na kumshikia simu. Mimi hushukuru, na hapohapo huumia.