Idi Niliyoichapisha Mwenyewe

Nilipelekwa Garsen mwaka wa tisini na nane, maji ya mafuriko yalipokwisha kushuka na barabara ya Malindi ikaanza tena kupitika. Bosi wangu wa Mombasa, mwenye duka la kubuni na kuchapisha, alikuwa amepiga hesabu zake. Alisema mashirika ya misaada yamejaa Tana River, na shirika halikosi kutaka bango la mlangoni, karatasi zenye nembo, kadi za biashara na stika za kubandika kwenye magari. Akanipa kompyuta, printa, jenereta ndogo na chumba kimoja nyuma ya duka la mabati na misumari. Mashirika yalikuwepo kweli. Ila mabango yao yalikuja tayari kutoka Nairobi, yamefungwa kwa nailoni, na wakubwa wao hawakuwahi hata kuchungulia dirishani kwangu.

Mimi ni mtu wa Kitui. Garsen sikuwa na ndugu, sikuwa na kanisa nililolizoea, na lugha zilizozungumzwa nje ya mlango wangu, Kiorma na Kipokomo, zilinipita. Watu waliniita mama wa kompyuta, ingawa sikuwa mama wa mtu. Walikuja kupigiwa chapa barua ya kuomba kazi au kutengenezewa muhuri, wakasimama mlangoni, wakapokea, wakaenda. Hawakuwa wabaya. Kila mtu alikuwa na kwao tu, na jua likishuka alikwenda huko, nami nikabaki na jenereta. Nikiizima, ukimya ulinikaa kifuani. Nilikuwa mpweke, na sioni sababu ya kutafuta neno la adabu zaidi.

Nadhani upweke ndio ulionifanya niwe na kiburi cha kazi. Kazi ndiyo iliyokuwa jamaa yangu, basi sikutaka mtu aiguse. Wateja walitaka kila kitu kiingie: herufi zenye vivuli, maua pembeni, picha ya mwenyewe amevaa suti, na chini yake orodha ya bidhaa zote mpaka viberiti. Mimi nilipenda nafasi nyeupe. Niliweza kubishana na mtu asubuhi nzima juu ya ua moja.

Mwezi wa kumi na moja alikuja mfanyabiashara mmoja Muorma, mzee mrefu aliyeuza sukari, unga, majani ya chai na dawa za mifugo, duka lake likitazama stendi. Alitaka kalenda ya mwaka unaofuata, ile ya karatasi moja ya kutundikwa ukutani, awape wateja wake bure. Alitaka iwe na ng'ombe, lori, mizani na kibuyu cha samli. Nikamwambia achague kimoja. Akachagua ng'ombe, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Ng'ombe niliyemtoa kwenye programu yangu ya kuchorea alikuwa wa madoadoa, kiwele kikubwa, hana nundu. Mzee aliuliza huyu ni ng'ombe au ni tangi la maziwa. Ikabidi niende mahali mifugo inapopita kunywa maji, nichore kwa penseli, nirudi nichore upya kwa kompyuta, mpaka mzee akaridhika na nundu.

Tarehe nilizinakili kutoka kalenda ya kampuni moja kubwa ya mjini. Sikukuu zote zilikuwa kwa rangi nyekundu, Idi ikiwa Januari. Kando ya Idi kulikuwa na kinyota, na chini kabisa ya karatasi kijimstari cha herufi ndogo kikisema tarehe itategemea kuonekana kwa mwezi. Mombasa nilikuwa nimekaa miezi michache tu kabla ya kuletwa huku, na Idi kwangu ilikuwa siku ambayo bosi anatuambia tusije kazini. Kile kijimstari nilikiona kama ile mistari ya kujikinga ambayo wenye maduka huipenda, kama ule wa bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Tena kilinichafulia kona ya chini. Nikakifuta pamoja na kinyota chake, kona ikabaki nyeupe, nami nikafurahi. Mzee alikagua ng'ombe, akakagua jina la duka, akasema sawa. Disketi nikampa dereva wa basi, ikaenda kuchapishwa Mombasa.

Kalenda zilirudi zikiwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mzee alizigawa mwezi wa Ramadhani ulipoanza, kila anayenunua akapewa moja. Zikaenda Tarasaa, zikaenda Kilelengwani, zikafika hadi Ozi. Nikipita mtaani jioni niliziona kupitia milango iliyo wazi, ng'ombe wangu ukutani, watu wamekaa chini yake wakifuturu. Kazi yangu ilikuwa imeingia nyumba ambazo mimi mwenyewe sijawahi kukaribishwa.

Mke wa yule mzee ndiye aliyekaa dukani mara nyingi. Alikuwa mama wa makamo, si msemaji, na mkono wake ulipima sukari bila kutazama. Siku chache baada ya Krismasi aliniuliza nilisherehekea wapi. Nikamwambia chumbani. Akauliza nilikula nini. Nikamwambia mkate na chai. Akauliza na nani, nami nikaanza kuhesabu sarafu zangu. Aliweka kijiko cha kupimia chini, akakasirika kabisa, kana kwamba nimemtusi. Akasema siku ya Idi nisiwashe jiko, nitakula kwao, na nisipokuja atajua mimi ni mtu wa namna gani.

Sikumuuliza Idi ni siku gani. Ningeuliza nini, na tarehe nimeichapisha mwenyewe.

Nawaambia wanaocheka ninaposimulia kisa hiki kwamba mwaliko ule ulikuwa wa kwanza tangu nifike. Nilipeleka kitambaa kwa fundi nikashonewa gauni la mikono mirefu. Nilinunua bati la biskuti. Usiku wa kuamkia siku niliyoitia rangi nyekundu, mji mzima ulikuwa ukisikiliza redio kujua kama mwezi umeonekana. Redio yangu betri zilikuwa zimekufa, na sikujua kama kuna tangazo la kusubiri. Mtu mwenye jirani wa kuzungumza naye angeambiwa. Mimi nililala mapema ili gauni lisikose mtu aliyepumzika.

Asubuhi mji ulikuwa kimya. Nikadhani wamo kwenye sala. Njiani nilikutana na wanawake wenye madebe ya maji, nikawahurumia kwa kufanya kazi siku ya sikukuu. Nyumba ya mzee ilikuwa mwisho wa mji, upande wa mto. Nikapiga hodi nikiwa na bati langu la biskuti kifuani.

Yule mama alikuwa uani na leso kuukuu, anapepeta mchele. Mzee alikuwa amejilaza mkekani barazani, midomo mikavu. Binti yao mkubwa alitazama gauni langu, akatazama bati, akakimbilia ndani kuficha kicheko. Mama hakucheka. Alielewa mara moja, nikaona anavyotafuta namna ya kunieleza bila kuniumiza.

"Leo bado, mwanangu," akasema. "Mwezi haukuonekana. Ni kesho."

Nikasema samahani, nikageuka kuondoka. Akanishika mkono. Kwao mgeni aliyekuja kula harudi na njaa, hata kama nyumba nzima imefunga, na sikuweza kumshinda. Watoto wadogo walikuwa wameshakula wakaenda zao kucheza. Aliwasha moto, akapika wali, akachemsha maziwa, mchana wa jua kali, yeye mwenyewe hajatia hata maji kinywani tangu alfajiri. Kisha akaniweka sebuleni na sinia mbele yangu, akatoka ili nisione haya. Nikala peke yangu. Ukutani ng'ombe wangu alikuwa akinitazama, na chini yake ile tarehe nyekundu.

Mzee alikuja akasimama mlangoni, akaitazama kalenda. Alisema watu wa Ozi wametuma kuuliza tangu lini yeye amekuwa kadhi wa kuwapangia Idi. Alisema ng'ombe ni mzuri sana. "Lakini mwezi hatuchapishi Mombasa," akasema. "Tunangoja utoke." Alikuwa akinitania, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Lakini nilipomaliza niliaga haraka, nikaliacha bati la biskuti pale kwenye mkeka.

Kesho yake nikaisikia Idi ya kweli. Takbira zilianza mapema, zikapita karibu na dirisha langu, na watoto wakapita na viatu vipya wakigonga mabati. Mimi sikutoka. Ningetokaje? Gauni lilikuwa lile lile, limekwisha kuonwa. Chakula chao nilikwisha kukila. Nilijiambia kwamba wamenihudumia tayari, na mtu hawezi kwenda nyumba moja kudai sikukuu mara mbili. Nikawasha jenereta ili anayepita adhani nina kazi nyingi. Nikafungua ile kalenda kwenye kompyuta, nikakirudisha kinyota mahali pake, nikaandika upya kile kijimstari kwenye kona. Haikumsaidia mtu yeyote. Nilikaa nikikitazama, nikitamani kuwa Kitui, nikitamani kuwa mahali popote ambapo mtu angegundua kwamba sipo.

Alasiri mlango uligongwa. Nilidhani ni mtu wa muhuri. Alikuwa yule mama, amejifunga nguo mpya, hina mikononi, jasho likimtoka kwa sababu alikuwa ametembea mji mzima juani. Hakuingia. Alinyoosha kidole akaonyesha jenereta, nami nikaizima.

"Jana wewe ulikula kwetu peke yako," akasema. "Leo sisi tumekula bila wewe. Sasa nani amemkosea mwenzake?"

Nikamwambia niliona haya, mama. Akasema haya ni ya kwangu, na njaa pia ni ya kwangu, lakini sehemu ya kukaa nyumbani kwake ni ya kwake, na imebaki wazi tangu asubuhi. Kisha akageuka akaanza kwenda, bila kutazama kama namfuata. Nikafunga mlango, nikamfuata na nguo za kazini.

Wageni walikuwa wameshaondoka. Mzee alikuwa amelala. Uani kulikuwa na masinia yaliyokwisha kusuguliwa, yameegemezwa ukutani yakauke. Alileta moja lililofunikwa kwa kawa, akaliweka kati yetu. Pilau ilikuwa imepoa na nyama imeganda mafuta kidogo. Nikajua kitakachofuata, nitakula tena peke yangu, na nikakaza moyo.

Yule mama alinawa mkono, akaketi mbele yangu, akamega tonge. Alikuwa amekula tangu asubuhi na kila kundi la wageni lililopita, binti yake aliniambia baadaye. Nilimwona akitafuna taratibu, kwa shida, kama mtu anayekunywa dawa. Nikamwambia mama, umeshiba, acha.

"Kula, mwanangu," akasema. "Tunakula."

Tukala sote wawili, mpaka sinia likaonekana chini. Nimepewa chakula na watu wengi maishani, lakini sijui mwingine aliyekula akiwa ameshiba ili mimi nisile peke yangu.