Jini Ameshatoka

Juzi, Madungu, kwenye ofisi ya jarida la watoto, bibi mmoja alileta mchezo aliotunga: watoto wanarusha dadu, kila mmoja msafiri, wanaingia pangoni kumkabili jini.

Mhariri aliusoma akitabasamu. "Mchezo huu umeshatoka popote, Bi?"

Jarida halichukui kilichokwisha kutoka, yaani kuchapishwa, kwingine. Angekana, nani angejua?

Bibi akaweka kidole kwenye karatasi. "Pango jipya, mwanangu. Jini alishatoka katika gazeti jingine."

"Basi hatuwezi."

"Mtoe jini, liache pango."

"Watoto watakuta nini humo?"

Bibi akavuta mtandio, akafikiri. "Alama za kwato. Jini ameshatoka."

Mhariri akacheka mpaka akavua miwani, akaupokea mchezo.

Mimi, mwandishi wa gazeti, barabara yetu mbovu naiandika kila masika, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama imeshatoka.