Kijiko cha Mafuta Mbele ya Musyoka

Mwanangu, umeniuliza utoe vipi mafuta kwenye mbegu zako za mlonge, nami nimekumbuka siku moja hapa Kyuso, nikiwa mke mgeni.

Mimi na mume wangu Musyoka tulikuwa tunakamua alizeti kwa mashine ya mkono. Mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yalibaki na mafuta kidogo, na jambo hilo lilimuuma Musyoka sana. Rafiki yake wa gereji akamwambia, "Loweka kwa petroli. Itavuta yote, halafu uanike juani ikauke." Nilimwambia Musyoka sipendi, akacheka, akaloweka. Kweli mafuta yalitoka mengi, tena meupe ya kupendeza. Jirani yetu Mama Halima alikuwa ameagiza ya kumpikia mtoto wake aliyeanza kula.

Mama mkwe alitukuta tukimimina chupani. Kwanza alibeba jiko langu la makaa akalipeleka mbali, maana mvuke wa petroli hutambaa chini hadi upate moto. Kisha akasugua tone kiganjani, akanusa.

"Musyoka, hii ni ya sufuria ama ya lori?"

"Mwaitu, mama yangu, petroli imekauka yote."

"Sawa. Kunywa kijiko kimoja, ndio tumpelekee mtoto wa Mama Halima."

Musyoka akakiinua kijiko hadi mdomoni. Akakirudisha chini, macho yamejaa machozi. Mama hakumtukana, jamani. Alimshika bega tu, akasema, "Kile huwezi kula, usimpe mtoto wa mwenzako." Yale mafuta tukapaka magurudumu ya mkokoteni.

Basi sikiliza. Kiyeyusho, yaani kile unacholowekea mbegu ili mafuta yatoke, usikipime kwa wingi wa mafuta peke yake. Uliza kinaacha nini nyuma. Viwanda vina mitungi iliyofungwa ya kunasa mvuke, na watu wa kupima mafuta; wewe una uani na jiko. Hata spiriti hushika moto, na ile ya dukani iliyotiwa rangi ni sumu. Kwa chakula, kamua, au twanga uchemshe na maji, uengue mafuta juu. Yatakuwa machache, lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayekula ulichotengeneza alale salama, aamke na nguvu.